Maji ya paa, ya korongo, ya lambo au ya kisima kirefu? Namna ya kuchagua Dodoma na kanda ya kati

Katika mwaka wa kawaida Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600, na karibu yote hunyesha katika msimu mmoja, kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba hadi Aprili. Mei ikiingia, mbingu hufungwa kwa miezi saba. Kwa hiyo kuchagua chanzo cha maji huku ni kuchagua ghala: mvua ya miezi michache itunzwe wapi ili ifike Novemba? Kuna maghala manne yaliyo ndani ya uwezo wa kaya, kitongoji au kijiji: tangi linalojazwa na paa, mchanga wa korongo, lambo la wazi (bwawa dogo la kuchimbwa), na mwamba uliopasuka chini ya ardhi unaofikiwa kwa kisima kirefu. Kila moja huharibika kwa namna yake, na kila moja linataka ardhi yake.

Msimamo wetu ni huu: pima chanzo kwa mwaka mbaya, na uanze na ardhi kabla ya bei. Katika hesabu zilizo hapa chini mwaka mbaya ni wa milimita 350. Mradi usiosimama kwa kiasi hicho utawaacha watu wakati ule ule walioujengea.

Kuna jambo jingine la kuzingatia. Mvua siku hizi huchelewa kuanza, hukatika wiki kadhaa mwezi Januari au Februari, kisha hurudi kwa kishindo na kumwaga nyingi kwa saa chache. Mvua ya namna hiyo haiyatendei maghala haya sawasawa. Korongo la mchanga huipenda. Lambo hulijaza tope. Gata nyembamba, yaani mfereji wa ukingoni mwa paa, huimwaga nje. Kisima kirefu hunufaika nayo tu ikiwa kubwa kweli kweli: kumbukumbu za kina cha maji katika bonde la Makutupora, ambako visima vya Mzakwe hulisha jiji la Dodoma, zilianza miaka ya 1950, na zinaonyesha kwamba maji ya chini hayapandi kila msimu. Hupanda kwa nguvu katika miaka michache ya mvua kubwa, mingi ikiwa ya El Niño kama 1997/98, kisha hushuka polepole miaka inayofuata.

Hesabu ya mahitaji kwanza

Sera ya maji ya Tanzania ya mwaka 2002 ilipanga kwa vijijini lita 25 kwa mtu kwa siku. Kaya ya watu 6 inahitaji lita 150 kwa siku, na kwa siku 210 za kiangazi ni lita 31,500. Za kunywa na kupika peke yake ni lita 7 hivi kwa mtu, yaani lita 42 kwa siku au 8,820 kwa kiangazi chote. Tenganisha hesabu hizi mbili tangu mwanzo, maana miradi mingi ya kaya hukwama kwa kuzichanganya. Kwa mifugo, weka lita 30 kwa ng'ombe na lita 5 kwa mbuzi au kondoo kwa siku ya joto.

| | Paa na tangi | Korongo la mchanga | Lambo | Kisima kirefu |
|---|---|---|---|---|
| Kinamfaa nani | Kaya, shule, zahanati | Kitongoji, bustani, mifugo | Mifugo, ujenzi | Kijiji, shamba |
| Kinataka nini | Paa la bati | Mchanga wa punje kubwa, mwamba au mfinyanzi chini yake | Mfinyanzi usiovuja | Mwamba uliopasuka wenye maji |
| Maji ya kunywa | Ndiyo, yakitibiwa | Ndiyo, kisima kikifunikwa | Hapana | Baada ya kupimwa maabara |
| Mwaka mbaya | Hupungua lakini hujaza tangi la kunywa | Mafuriko machache hutosha | Hukauka mapema | Hakitetereki haraka; ukame wa miaka mfululizo hukishusha |
| Adui mkubwa | Tangi dogo, gata mbovu | Wachota mchanga, kingo kukatika | Jua na tope | Chumvi, floraidi, kuvuta kupita kiasi |

Paa: kidogo, safi, na kipo mlangoni

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba ya bati ya mita 8 kwa 10 ina paa la mita za mraba 80. Toa asilimia 20 inayoruka, kuvukia na kumwagika: mwaka wa kawaida wa milimita 550 utakupa lita 35,200, na mwaka mbaya lita 22,400. Kwa hiyo paa hilo haliwezi kubeba matumizi yote ya kaya katika mwaka mbaya, hata ungenunua tangi kubwa kiasi gani. Lakini kwa kunywa na kupika linatosha na kubaki: tangi la lita 10,000 litajaa mara mbili hata kwa mvua ya milimita 350.

Kosa linaloonekana kila mtaa ni tangi la lita 2,000. Mvua moja ya milimita 32 hulijaza, zinazofuata zote humwagika uani, na kwa matumizi ya lita 42 kwa siku litaisha baada ya siku 47. Mwenye nyumba hulaumu mvua, na mvua ilikuwapo.

Paa la tembe, lililojengwa kwa udongo, halivuni maji. Hakuna haja ya kubomoa nyumba, hata hivyo. Banda la bati la mita 5 kwa 6 lililosimama peke yake uani, ambalo chini yake unaweza kuhifadhi kuni au kufungia mbuzi, huvuna lita 8,400 katika mwaka mbaya. Hiyo ni karibu hesabu nzima ya kunywa na kupika.

Gata iwe na mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita, ishikwe kila baada ya sentimita 60 hadi 80, na juu yake pachikwe kipande cha bati kilichokunjwa, chenye upana wa sentimita 15, kinachozuia maji ya kasi kuruka nje. Bila kipande hicho, mvua ya kishindo ndiyo hasa unayoipoteza. Mvua ya kwanza hubeba vumbi la miezi saba, vinyesi vya ndege na mijusi. Milimita moja ya mwanzo, sawa na lita 80 kwa paa la mita 80, isiingie tangini. Mafundi wengi huweka bomba la inchi 4 lenye urefu wa mita 2 kama kinasa uchafu, lakini bomba la inchi 4 hubeba lita 8 hivi kwa kila mita, kwa hiyo linashika lita 16 tu na uchafu uliobaki unaingia. Tumia pipa lenye koki chini, lijae kwanza ndipo maji yapande kuelekea tangini, na lifunguliwe baada ya kila mvua.

Tangi la plastiki la lita 10,000 likijaa lina uzito wa tani 10. Likikaa juu ya mawe yasiyo sawa au kifusi kisichoshindiliwa hupasuka kitako. Mwaga zege la sentimita 10 juu ya ardhi iliyoshindiliwa, na lizidi upana wa tangi kwa sentimita 15 kila upande. Chagua tangi jeusi au lisilopitisha mwanga, kwani mwanga huotesha ukijani ndani. Tangi la saruji na wavu wa waya hudumu zaidi na fundi wa kijijini anaweza kulitengeneza, kwa masharti: saruji moja kwa mchanga safi mitatu, limwagiwe maji mara tatu kwa siku kwa majuma mawili au zaidi, na baada ya hapo lisiachwe likauke kabisa. Sentimita 20 za maji zibaki chini daima. Tangi la saruji lililokaushwa Oktoba hupata nyufa, na nyufa hizo huonekana Januari.

Tangi la kuchimbia chini lijengwe kwenye udongo mwekundu wa kichanga tu. Mfinyanzi mweusi wa mbuga huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na hakuna plasta itakayostahimili hilo miaka mingi. Kila tundu la kuingizia na kutolea hewa lifungwe wavu wa mbu, na maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini.

Korongo la mchanga: ghala ambalo watu huliona kavu

Wagogo na Warangi wamechota maji mchangani tangu zamani: unachimba shimo kwenye korongo kavu, unangoja, maji yanajikusanya. Kanuni iliyo nyuma ya shimo hilo ndiyo inayofanya korongo kuwa chaguo tunalolipa uzito mkubwa kuliko linavyopewa. Jua hukausha sentimita 60 za juu za mchanga. Chini ya hapo upotevu ni mdogo mno, na maji huchujwa yakiwa yamekaa. Lambo la jirani likiwa limebaki matope, mchanga wa kina cha mita 3 bado una maji.

Si kila korongo linafaa. Makorongo yanayotoka kwenye vilima vya mawe ya itale huleta mchanga wa punje kubwa, ambao ndio unaotakiwa. Yanayotoka kwenye mbuga na mashamba yaliyomomonyoka huleta mchanga laini na tope, ambavyo hushikilia maji bila kuyaachia. Pima hivi: jaza mchanga mkavu kwenye ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini na kuzibwa, mimina maji hadi yaonekane juu, kisha fungua tundu na upime yanayotoka. Lita 5 au zaidi ni mchanga mzuri. Lita 1 ni tope, hata kama kwa macho unafanana na mchanga.

Kisha pima kina. Chukua nondo ya milimita 16 yenye urefu wa mita 4 au 5, ichongee meno madogo kila sentimita 25, na uigongee mchangani katikati ya korongo kila baada ya mita 20. Fanya kazi hii Septemba au Oktoba. Ikivutwa, sehemu yenye unyevu huonyesha maji yalipo, na udongo ulionasa kwenye meno ya mwisho huonyesha kama sakafu ni mfinyanzi au mwamba. Panapozama zaidi ndipo pa kuweka kisima. Mahali mwamba unapopanda karibu na juu, upande wa chini wa hapo penye kina, ni kizingiti cha asili, na ukuta utakaojengwa juu yake utagharimu kidogo kuliko mahali pengine popote. Angalia pia mikuyu mikubwa kandokando, na kingo zenye ukoko mweupe ambao ng'ombe hulamba. Mikuyu ni habari njema. Ukoko ni chumvi, na hapo usijenge.

Kazi yenyewe inaweza kufanywa kwa ngazi tatu.

Ya kwanza ni kisima cha pete za zege za kipenyo cha mita moja, kinachochimbwa ukingoni, nje ya njia ya mafuriko, na kuunganishwa na mchanga wa korongo kwa mtaro uliojazwa kokoto. Pete za chini ziwe na matundu na zizungushiwe kokoto, za juu ziwe nzima, na juu pawe na mfuniko na pampu ya mkono. Pampu aina ya Afridev huvuta hadi mita 45, kwa hiyo kwa kina cha mita 5 hadi 10 haichoki, na mipira yake hubadilishwa kijijini bila kuita mashine. Birika la ng'ombe liwekwe upande wa chini wa mkondo, mita 50 au zaidi.

Ya pili ni ukuta wa kuzikwa. Kiangazi, chimba mtaro kukatisha korongo zima hadi sakafu ngumu, ujaze mfinyanzi uliolowa kiasi na kushindiliwa kila sentimita 15, kisha rudisha mchanga juu. Mfinyanzi wa kichuguu hufaa sana. Hakuna kinachoonekana juu, mafuriko hayana cha kubomoa, na gharama kubwa ni nguvu za watu. Inafaa pale sakafu isipozidi mita 3 hadi 4.

Ya tatu ni bwawa la mchanga, ukuta wa mawe na saruji unaotokeza juu ili mafuriko yaongeze mchanga nyuma yake. Ukamba nchini Kenya, hasa Kitui, kuna mengi. Ukuta wa mita 3 kwenye korongo la upana wa mita 20, mchanga ukirudi nyuma mita 300, hukusanya mita za ujazo 4,500 za mchanga, na robo yake, mita 1,125, ni maji yanayotoka. Hilo hutosha watu 200 kwa lita 25 kwa siku kwa siku 210, na ziada ya mifugo kidogo.

Mabwawa haya hufa kwa sababu mbili. Mosi, ukuta hujengwa wote kwa msimu mmoja. Maji nyuma yake hutulia, tope hutuama kabla ya mchanga, na bwawa linajaa udongo usiotoa maji. Mlango wa kufurikia, pale ukutani maji yanapopitia juu, upandishwe kwa hatua za sentimita 30 hadi 50, msimu hadi msimu, ili maji yapite kwa kasi yakibeba tope na kuacha punje nzito. Pili, mabawa mafupi, yaani ncha za ukuta zinazoingia kwenye kingo. Maji yakikosa njia katikati hukata ukingo, na msimu ujao korongo linapita pembeni huku ukuta umebaki umesimama pakavu. Mabawa yaingie mita 5 kwenye ukingo mgumu, na zaidi kwenye udongo laini. Chini ya mlango wa kufurikia pangwe mawe makubwa yaliyofungwa kwa saruji, la sivyo maporomoko yatachimba msingi.

Kuna adui mwingine ambaye hajaangaliwa vya kutosha. Tangu serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016, ujenzi umeongeza sana njaa ya mchanga. Lori moja la mita za ujazo 7 likichota kwenye korongo linaondoa nafasi ya lita 1,750 za maji kila msimu, na likichota hadi kwenye sakafu linaondoa kila kitu. Kijiji kinachotaka maji ya korongo kianze na sheria ndogo ya kuzuia uchotaji katika eneo lililopimwa, kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo, na shamba lililolimwa hadi mdomoni mwa korongo ndilo linaloleta tope.

Lambo

Kwa kundi kubwa la ng'ombe bado ni chaguo la maana, ila hesabu yake ni kali. Kwa siku 180 za kiangazi, jua na upepo wa Dodoma huondoa kina cha mita 1.2 hivi cha maji. Linganisha malambo mawili ya mita za ujazo 3,000 kila moja, tukiyachukulia kama masanduku. La kina cha mita 1.5 lina uso wa mita za mraba 2,000, na jua litachukua mita za ujazo 2,400. La kina cha mita 4 lina uso wa mita 750, na jua litachukua 900. Ng'ombe 200 wanahitaji 1,080. Lambo la kwanza linakauka baada ya siku 155 hivi, la pili lina nafasi ya kuvuka. Ukiwa na saa chache za katapila, zitumie kushuka chini, usizitumie kupanua.

Kabla ya hapo chimba shimo la majaribio hadi kina cha lambo, lijaze maji jioni, lijaze tena kesho yake ili kuta zishibe, kisha pima yanavyoshuka. Ukikuta tabaka la kichanga au changarawe, hama. Juu ya mlango wa kuingilia pawe na shimo la kunasia tope linalosafishwa kila mwaka, na ukanda wa majani upana wa mita 10 au zaidi. Mlango wa kufurikia uwe mpana na uanze kwenye ardhi ambayo haijachimbwa, kwa sababu tuta likipitiwa juu hata mara moja huondoka lote. Zungushia uzio, na maji yatoke kwa bomba kwenda birikani. Ng'ombe wakiingia ndani wanaleta mavi, wanakanyaga kingo na kufupisha umri wa lambo. Maji haya si ya kunywa watu, na kichocho hupatikana humo. Tope halichagui ukubwa: bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957, limepoteza sehemu kubwa ya kina chake kwa sababu hiyo hiyo, na maji yake yana chumvi.

Kisima kirefu

Sehemu kubwa ya mkoa imekaa juu ya miamba ya itale na jamii yake. Mwamba mzima hauna maji. Maji yako kwenye tabaka lililooza juu yake na kwenye mipasuko. Ndiyo maana visima viwili vilivyoachana mita 100 vinaweza kutofautiana, kimoja kikatoa lita 5,000 kwa saa na kingine vumbi. Upimaji wa ardhini kwa umeme hupunguza hatari hiyo, hauiondoi. Mkataba na mchimbaji useme wazi nani analipa kisima kikitoka kikavu, na malipo ya mita zilizochimbwa yatengane na malipo ya kesingi (bomba linalokinga kuta za kisima), usafishaji na jaribio la pampu.

Kibali hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde. Mkoa umegawanyika: maji ya Kinyasungwe huenda Wami, ya mto Bubu huishia kwenye ardhioevu ya Bahi katika Bonde la Kati, na upande wa kusini hutiririkia Mtera katika bonde la Rufiji. Jua uko bonde gani kabla ya kuandika barua. Kwa mradi wa kijiji, pitia RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini), iliyoanzishwa kwa sheria ya 2019, na chombo cha watoa huduma ya maji cha jamii.

Jaribio la pampu lidumu saa 24 mfululizo, na baada ya hapo pima maji yanavyorudi. Jaribio la saa mbili hupima maji yaliyokuwa ndani ya bomba na kwenye mipasuko ya karibu, halipimi uwezo wa mwamba. Ukipata lita 3,500 kwa saa, panga kuvuta 2,100 hadi 2,400. Fanya jaribio mwisho wa kiangazi. Unapoteremsha pampu, teremsha pia bomba jembamba la inchi moja la kupimia kina, na kina kiandikwe kila mwezi. Bila daftari hilo huwezi kujua kama kisima kinashuka hadi siku pampu itakapovuta hewa na kuungua.

Gharama ya nishati hukokotolewa kirahisi. Kuinua mita moja ya ujazo kwa mita moja kunataka wati-saa 2.7. Kijiji cha watu 800 kinahitaji mita za ujazo 20 kwa siku. Kutoka kina cha mita 80 ni wati-saa 4,320, na pampu yenye ufanisi wa asilimia 45 itataka 9,600. Jua la Dodoma hutoa sawa na saa 5 na nusu za nguvu kamili, hivyo paneli za wati 1,750, na ukiongeza robo kwa ajili ya vumbi na joto ni wati 2,200. Vumbi si jambo dogo: paneli zifutwe kila wiki Julai hadi Oktoba.

Kisha ubora. Kanda hii ina floraidi, chumvi na naitreti. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 za floraidi na 50 za naitreti kwa lita. Kuchemsha hakuondoi hata kimoja. Floraidi inazidi kukolea maji yanapopungua sufuriani. Peleka sampuli maabara ya ubora wa maji kabla ya kulipa awamu ya mwisho ya mkataba. Floraidi ikiwa juu, kisima kinabaki cha kuoshea na kumwagilia, na watoto wanywe maji ya paa. Naitreti mara nyingi hutoka kwa watu wenyewe: choo na zizi vikae umbali wa mita 50 kutoka kisimani, upande wa chini wa mteremko, na mita 3 hadi 6 za juu za kisima, nje ya kesingi, zizibwe kwa saruji.

Maji ya bomba mjini hayatoki nje ya habari hii, kwa kuwa Mzakwe nayo ni visima. Jiji lilikuwa na watu karibu 411,000 kwenye sensa ya 2012 na zaidi ya 765,000 mwaka 2022, na bwawa la Farkwa na maji ya Ziwa Victoria vimo kwenye mipango ya kuliongezea maji. Kwa sasa, aliyeunganishwa awe na akiba ya mgao ya siku tatu hadi tano: lita 2,000 hadi 3,000 kwa kaya.

Nani achukue kipi

Kaya ya mjini yenye bomba: akiba ya mgao, na gata kwenye tangi la lita 5,000 hadi 10,000. Kuchimba kisima kwenye kiwanja kidogo kilichozungukwa na vyoo vya shimo hatupendekezi, hata kama maji yapo mita 20 tu.

Kaya ya kijijini Bahi au Chamwino, kwenye mbuga: tangi la juu la paa au la banda kwa kunywa, na maji ya kuoshea yatoke kwenye kisima cha kijiji au lambo. Tangi la kuchimbia chini liachwe.

Kitongoji kilicho ndani ya kilomita moja kutoka korongo lenye mchanga mzuri, kama ilivyo sehemu nyingi za Mpwapwa na Kondoa: nondo kwanza, kisha kisima cha pete, kisha ukuta wa kuzikwa. Bwawa la mchanga lije baadaye, kisima kikionyesha kwamba mchanga unashika maji lakini hautoshi. Kuanza na ukuta mkubwa kabla ya kisima ni kujenga bila kupima.

Wafugaji wenye ng'ombe zaidi ya 100: lambo la kina cha mita 4 lenye uzio na birika. Korongo likiwa karibu, ng'ombe wanywe lambo hadi Agosti na kisima cha mchangani kibaki cha miezi ya mwisho. Ukiyatumia kwa mpangilio wa kinyume, jua litakunywea lambo wakati mchanga unachotwa.

Shamba la zabibu la ekari moja, Hombolo au Mpunguzi, kwa umwagiliaji wa matone wa milimita 3 kwa siku, linahitaji mita za ujazo 12 kwa siku, au 1,440 kwa siku 120 za kiangazi. Paa haliwezi kabisa, na bwawa la mchanga la mfano wetu lingeisha lote bila mtu kunywa. Hapa kisima kirefu ndicho jibu, chenye jaribio la lita 3,500 kwa saa, kikivutwa saa 6 kwa siku. Pima chumvi kabla ya kununua mipira: maji yakizidi mikrosimensi 1,000 hivi kwa sentimita, mizabibu huanza kupunguza mavuno, na yakifika mbali zaidi kingo za majani huungua. Kama kisima cha jirani kina chumvi hiyo, fedha za kuchimba ziende kwenye shamba la mahali pengine.